Kabla hujanunua spika za mezani, nenda dukani na wimbo wako

Sabufa yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa imepangwa mlangoni mwa duka moja mjini, si mbali na Soko la Majengo, ina taa za rangi zinazocheza na mdundo, na kwenye boksi pameandikwa wati 8000 PMPO kwa maandishi ya kung'aa. Bei laki moja na themanini, maongezi yakaishia laki na nusu. Kijana wa duka akaniwekea wimbo wenye besi, kioo cha kabati kikatetema, nikatoa hela. Nilikuwa nimehamia Dodoma miezi miwili tu, nimepanga chumba kimoja Nkuhungu: meza, kompyuta, godoro, basi. Nilichotaka ni kusikiliza muziki jioni nikitoka kazini.

Siku ya tatu mama mwenye nyumba akagonga mlango. Hakuja kulalamikia kelele, maana sauti ilikuwa chini kabisa. Alikuja kuuliza kama kuna kitu nakitwanga sakafuni, kwa sababu chumbani kwake alikuwa anasikia du, du, du tu.

"Ni redio, mama. Samahani."

"Mwanangu, redio gani hiyo isiyoimba?"

Swali lile lilinikaa. Usiku huo nilizima zile taa, nikakaa mezani, nikaweka wimbo mmoja wa zamani wa dansi ambao nimekua nao nyumbani Morogoro, kila Jumapili asubuhi baba akinyoa ndevu. Gitaa la besi lilikuwa likitembea chini ya meza kama mtu anayehamisha magunia. Gitaa la solo silioni. Mwimbaji yupo, ila ni kama anaimbia ndani ya ndoo. Wimbo ninaoujua neno kwa neno, nikawa natega sikio kutafuta maneno.

Nilimpelekea fundi nikidhani kuna kitu kimelegea. Alifungua vile vispika viwili vya pembeni, akacheka. Kila kimoja kilikuwa na spika moja ya karatasi ya inchi mbili na nusu hivi, ndani ya plastiki nyepesi. Juu yake kulikuwa na duara dogo la fedha nililodhani ni twita, yaani ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Fundi alilibandua kwa ukucha. Nyuma yake hakuna sumaku, hakuna waya. Pambo!

Kisha akanieleza ile ndoo inatoka wapi. Vispika vidogo namna ile haviwezi kushuka kwenye sauti nzito, kwa hiyo mtengenezaji anaiachia sabufa kazi yote ya chini, mara nyingi mpaka hezi 150 au 200 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, ikiwa ndogo sauti ni nzito). Sasa sauti ya mwanamume akizungumza ina msingi wake kati ya hezi 85 na 180 hivi, ya mwanamke kati ya 165 na 255. Maana yake kifua cha mwimbaji kinatokea chini ya meza na midomo yake iko juu ya meza. Ukikaa mbali, sebuleni penye watu wanaongea, huligundui hilo. Ukikaa karibu, mbele ya kompyuta, huwezi kulikwepa.

Tangu hapo kipimo changu ni kimoja: sauti ya mtu kwanza, besi baadaye. Besi ni rahisi kuipamba. Sauti ya binadamu tumeisikiliza tangu tumboni, ikipindishwa kidogo unajua hata kama huna jina la kosa lenyewe.

Kwa hiyo kama unasikilizia mezani, na hela yako ni ya mawazo, tafuta jozi ya spika mbili kamili badala ya sabufa na watoto wake. Namaanisha zile ambazo kila kisanduku kina spika ya inchi tatu na nusu, nne au tano, na juu yake twita ya kweli, halafu amplifaya iko ndani ya kisanduku kimoja. Huhitaji redio wala amplifaya nyingine. Unachomeka umeme, unaunga waya wa simu au kompyuta, umemaliza. Spika ya inchi nne haifiki chini kabisa. Waya mnene wa gitaa la besi hupigwa hezi 41 na huko haifiki kwa nguvu. Lakini sauti zote za watu, magitaa, tarumbeta, kinanda na sehemu kubwa ya ngoma vinakaa mahali inapopaweza. Kama wewe ni mtu wa amapiano na singeli na unataka kifua kitikisike, sitakudanganya, hizi hazitakutosha. Nenda inchi tano, au ongeza sabufa baadaye.

Sasa wati. Hapa ndipo watu wanapoliwa.

PMPO puuza kabisa, ni namba ya mapambo. Inayofaa ni RMS, wati ambazo kifaa kinazitoa mfululizo bila kufa. Na hata ukikuta boksi limeandikwa RMS, hakikisha mwenyewe kwa kugeuza kifaa. Nyuma au kwenye adapta pameandikwa umeme kinaokula. Adapta ya volti 12 na ampia 2 ni wati 24, zidisha tu. Kifaa kinachokula wati 24 hakiwezi kukutolea wati 300 za muziki, hata kikiombewa. Spika zinazochomekwa kwenye USB ndiyo usiseme: tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na nusu ampia, yaani wati 2.5. Niliwahi kuonyeshwa za namna hiyo zimeandikwa wati 200. Nilimwomba kijana kikokotoo cha simu tupige pamoja, akasema bosi wangu wewe ni mwalimu nini.

Tena wati nyingi huzihitaji. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), badiliko dogo. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa mtu aliyekaa mita moja kutoka kwenye spika, wati moja ya kweli tayari ni kelele ya kutosha kumwita mama mwenye nyumba. Jozi ya wati 20 kila upande inakupa nafasi tele.

Kosa langu la pili lilikuwa la haraka na nitalisimulia haraka. Niliona spika za mtumba kutoka Japani, visanduku vya mbao, nzito, nzuri mno, elfu tisini. Nikabadilisha plagi, nikachomeka. Zikaimba kwa muda wa beti moja, na ile beti moja ilikuwa tamu kuliko yote niliyosikia kwenye ile sabufa, kisha ukaja moshi mwembamba na harufu ya vanishi. Trafo imeungua. Nyuma pameandikwa volti 100, nami nimezipa 230. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 230 kwa hezi 50. Kubadilisha plagi hakubadilishi umeme. Kama pameandikwa 100–240, chomeka bila wasiwasi. Kama pameandikwa 100 au 120 peke yake, achana nazo, au ujumlishe bei ya trafo ya kushushia umeme kabla hujasema ni bei chee. Na hili si la mtumba tu. Spika mpya za jina lile lile hutengenezwa kwa volti tofauti kufuatana na soko, kwa hiyo ndugu akikununulia Marekani, mwambie akupigie picha ya nyuma kwanza.

Baada ya hayo sikwenda tena dukani peke yangu. Ofisini tuna mzee mmoja, Mgogo wa Mvumi, tunamwita Babu ingawa bado miaka mitatu astaafu. Ndiye aliyenifundisha kipimo bora kuliko vyote. Aliposikia natafuta spika akasema, "Nenda na ilimba."

Kama huijui, ilimba ni ile marimba ya vidole ya Wagogo, sanduku la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa dole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, ndiye aliyeipeleka hadi kwenye majukwaa ya Ulaya na Japani. Sifa yake moja ni kwamba inazizima. Kwenye sanduku pana tundu lililofunikwa na utando wa buibui, na kila noti ikipigwa ule utando hutetema na kutoa mzizimo mwembamba kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Mzizimo ule ni wa makusudi, ni sehemu ya ala.

Tukaingia duka la kwanza, Babu akaunga simu yake. Kijana akasikiliza sekunde kumi, akashtuka, akapunguza sauti.

"Mzee, spika zangu ni nzima. Wimbo wako ndio mbovu."

Babu akacheka mpaka akashika kaunta. Lakini alikuwa ameshapata jibu lake. Kwenye spika zile kila kitu kilikuwa kinazizima: ilimba, sauti ya mwimbaji, hata makofi. Huwezi kujua upi ni utando wa buibui na ipi ni plastiki ya kisanduku inayotetema. Duka la tatu, kwenye jozi yenye visanduku vya mbao zilizoshindiliwa, mzizimo ukajitenga. Unaanza na noti, unakufa na noti, na sauti ya mtu inapita juu yake safi. Babu akafumba macho kidogo. "Hapa," akasema, "huyu anajua kusema."

Wewe si lazima uende na ilimba. Nenda na wimbo unaoujua hadi pumzi za mwimbaji, ukiwa ndani ya simu yako, na waya wako mwenyewe mfukoni. Kama ni mtu wa kwaya, chagua kibao chenye sauti nne na uone kama unaweza kuifuata sauti ya tatu peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu wa taarabu asikilize fidla ikipanda: ikianza kuchoma masikio, twita ni mbovu. Kwa dansi, tafuta pale magitaa mawili yanapojibizana. Tahadhari moja: nyingi katika zile zilizopendwa za Redio Tanzania zilirekodiwa kwa mono, yaani sauti ile ile pande zote mbili, kwa hiyo sauti kutokea katikati tu si kosa la spika. Na kwa jina la Mungu usipime kwa wimbo uliobanwa mno wa kurushiana WhatsApp. MP3 ya kilobiti 128 inayeyusha matoazi hadi yasikike kama maji, na spika nzuri itakuonyesha ubovu huo wazi zaidi kuliko spika mbaya.

Mwombe muuzaji arudishe vitufe vya besi katikati, maana ataviachia juu. Punguza sauti hadi ya mazungumzo. Spika mbaya hupotea hapo, nzuri inabaki na umbo lake. Halafu simamisha wimbo, sogeza sikio karibu na twita. Shiii ndogo ni kawaida. Kama unaisikia ukiwa umesimama, hapana. Zungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza kikiwa kipya, kwa vumbi la Dodoma mwaka mmoja hakimalizi. Gonga kisanduku kwa kifundo cha kidole, kiseme ko kama mlango wa mbao, kisiseme tak kama beseni. Na lile duara la juu, weka kidole mbele yake bila kuligusa, au tengeneza bomba la karatasi uliweke sikioni, uhakikishe kuna kitu kinasema.

Mimi niliishia kwenye Edifier R1280T, nikaagiza Kariakoo kwa sababu hapa mjini siku hizo sikuipata, ikaja kwa basi na nikaipokea stendi ya Nanenane, nimeikumbatia kwenye bodaboda kama mtoto mgonjwa. Ni inchi nne na twita ya milimita 13, wati 42 RMS kwa zote mbili. Haina Bluetooth, ina matundu mawili ya waya nyuma, na hilo lilinifaa kwa sababu nimeunga kompyuta kwenye moja na simu kwenye jingine. Kilichonifurahisha zaidi ni kitu kidogo: visanduku vinaunganishwa kwa waya wa kawaida wa kubana. Ukikatika au ukiwa mfupi, unanunua mita tatu kwa fundi umeme, umemaliza. Kuna spika nyingine nzuri zenye waya wa plagi ya peke yake, siku ukipotea unatafuta nchi nzima.

Rafiki yangu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, ana PreSonus Eris E3.5, inchi tatu na nusu, wati 25 kila upande. Sauti za watu ni safi, labda safi kuliko zangu, ila kampuni yenyewe inakwambia besi inaanzia hezi 80. Tundu lake la hewa liko nyuma, langu liko mbele. Hilo zingatia kama meza yako imebanwa ukutani, maana tundu la nyuma likikaribia ukuta besi inavimba. Na kama hela haifiki huko kabisa, Creative Pebble zinazokula umeme wa USB ni za wati chache tu na hazijifanyi zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa chumba kidogo zitamfaa. Bora hizo kuliko wati 8000 zangu.

Ukishafika nazo nyumbani, kazi haijaisha. Jozi yangu siku ya kwanza ilinivunja moyo, nikadhani nimeliwa mara ya tatu. Zilikuwa zimelala bapa juu ya meza, nyuma ya kompyuta, zimeelekea kifuani. Nikachukua ndala kuukuu, nikakata vipande vinane kwa wembe, vinne chini ya kila spika, vya mbele vinene kuliko vya nyuma ili spika ziinue uso. Meza ikanyamaza. Nikazitenganisha mita moja, nami nikakaa kama mita moja kutoka kila moja, twita zikanielekea masikioni. Nikaweka ule wimbo wa baba. Mwimbaji alikuwa amesimama katikati, pale penye skrini, ambapo hakuna spika.

Chumba cha tofali na sakafu ya saruji kinarudisha sauti kama kisima. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa chuma, ongeza vitu laini. Godoro tayari linasaidia, zulia linasaidia, pazia zito pia. Mvua ya Dodoma si nyingi, lakini ikishapiga bati, zima spika tu, hakuna spika ya kushindana nayo.

Kama unasikia nguuu inayotokea ukichomeka chaja ya kompyuta na kuacha ukiichomoa, spika hazina kosa. Chomeka spika na chaja kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta tofauti. Kwangu iliisha hapo hapo. Isipoisha, tumia simu isiyochajiwa au Bluetooth kama spika zako zinayo. Umeme ukikatika zima kitufe cha nyuma, kwa sababu hatari iko kwenye kurudi kwake. Kile kifaa cha kulindia friji kinalinda na spika pia. Kuhusu Luku usiwe na hofu: kwa sauti ya kawaida tuseme zinakula wati 10, saa tano kwa siku, ni siku ishirini mpaka uimalize yuniti moja.

Vumbi ndilo adui wa kweli hapa kwetu, hasa upepo wa Julai na Agosti. Zikizimwa zifunike kanga. Futa kwa brashi laini ya rangi, si kitambaa kibichi, na usiguse kile kituta laini cha twita. Mtoto wa jirani alibonyeza cha kwangu kimoja kikaingia ndani. Nilikirudisha kwa kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, nikavuta taratibu sana, mikono ikitetemeka.

Mama mwenye nyumba aligonga tena, mwezi mmoja baadaye, Jumapili. Safari hii aliuliza ile kwaya ni ya wapi, nikamfungulia mlango akasikiliza amesimama kizingitini, jembe mkononi. Sabufa nilimuuzia kinyozi wa Chang'ombe kwa elfu sabini, na taa zake zote. Mashine za kunyolea zikinguruma, nje pikipiki, ndani watu wanabishana Simba na Yanga, pale ile besi iko kazini kwake. Nikienda kunyoa huwa naisikia kuanzia kona ya pili.